Hapa Hakuna Taamiya

Duka langu la achari linatazamana na duka la falafel la Gaber. Kati yetu kuna uchochoro tu, mwembamba kiasi kwamba akikohoa yeye, mimi ndiye ninayeombewa afya. Wateja wake wakishapata mkate wao huvuka kuja kwangu kutaka limau na matango ya siki, kwa hiyo tangu ujana wetu tunategemeana kama meno na ulimi, na kama meno na ulimi tunaumana mara kwa mara. Nasema haya ili mtu asidhani ninayoyaeleza nimeyasikia kwa watu. Nimeyaona kwa macho yangu, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Sisi watu wa Aleksandria tunasema falafel. Watu wa Kairo wanasema taamiya. Kitu ni kile kile: maharage mapana yaliyolala majini, yakasagwa pamoja na liki, giligilani na kitunguu saumu mpaka yakawa kijani, yakaumbwa, yakakaangwa. Lakini mwambie hivyo mtu wa Karmuz, mtaa wetu, uone atakavyokutazama. Marehemu Haji Desuki, baba yake Gaber, alikuwa akisema jina letu linatokana na filfil, yaani pilipili, na ndiyo maana falafel yetu inawasha, na ya Kairo imepoa kama uji wa mgonjwa. Wissa, fundi cherehani wa pale pembeni, ni Mkristo, na kila Kwaresima hununua sinia nzima kwa kuwa nyama hawali. Yeye alikuwa akimjibu Haji kwamba jina hilo ni la Kikopti, lugha ya mababu zake, na maana yake ni chenye maharage mengi.

"Wakati babu zangu wanakaanga, Haji, babu zako walikuwa bado wanachunga ngamia."

"Ndiyo maana babu zangu walikula nyama," Haji alimjibu, na akamwongezea vipande viwili juu ya sinia.

Mabishano hayo hayakuisha mpaka Haji akafa, na sasa Wissa anabishana na Gaber. Mimi nasema hakuna anayejua. Aliyekipa kitu hicho jina alikuwa na njaa, hakukaa kitako akaeleza. Kuhusu taamiya, lakini, hakuna aliyewahi kubishana. Jina hilo linatokana na utamu; kitonge kidogo cha kuonjea. Hata mtoto analijua hilo. Na hilo ndilo neno lililokuwa haramu katika duka la Haji Desuki.

Ulikuwa mchezo wake. Kiangazi watu wa Kairo wakimiminika kuja kuogelea, kila asubuhi walikuwapo kwenye foleni, wamevaa malapa, na mmoja wao hakosi kusema, "Haji, nipe taamiya." Basi Haji huweka chini upawa wake, hujifanya kiziwi, kisha husema, "Hapa hakuna taamiya." Mgeni anaonyesha karai kwa kidole. Haji anatazama karai, anashangaa kama ndiyo kwanza analiona. Foleni nzima inacheka. Mgeni hapewi kitu mpaka aseme falafel, na aseme mara tatu, tena kwa sauti ya kusikika kule kwa Wissa. Wageni wenyewe walipenda. Walirudi mwaka uliofuata na binamu zao, wakiwasukuma mbele waingie mtegoni.

Mzaha wa namna hiyo haumdhuru mtu anayerudi kwao jioni.

Inshirah hakuwa wa kurudi kwao. Gaber alimwoa kutoka Shubra, Kairo, msichana mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akicheka kwa kujifunika mdomo. Hata wiki ya harusi haijaisha, alishuka asubuhi na sahani mkononi kuchukua kifungua kinywa cha nyumba. Wanaishi juu ya duka, ghorofa ya pili. Alivaa gauni la rangi ya zambarau, la biharusi, na hina ilikuwa bado imekolea kwenye vidole. Akasimama kwenye foleni na watu wengine, kwa heshima, ingawa angeweza kuingia kwa mlango wa nyuma. Zamu yake ilipofika akamwambia mkwewe, "Asubuhi ya heri, baba. Naomba taamiya ya nyumbani."

Haji akaweka chini upawa. Nadhani hata yeye alisita. Akamgeukia mwanawe aliyekuwa kwenye karai, akamwuliza, "Gaber, huyu anataka nini?"

Na Gaber, mume wake, aliyekuwa na moshi machoni na foleni nzima mbele yake, akasema, "Hapa hakuna hicho kitu, dada. Labda ujaribu Kairo."

Dada. Kama mpita njia.

Walicheka mpaka Wissa akatoka na sindano mdomoni kuuliza kuna nini. Inshirah aliwatazama mmoja mmoja, akamtazama mumewe, akangoja. Alidhani atamwokoa. Gaber akamwambia, "Sema falafel." Akasema. "Tena." Akasema. "Hawajakusikia kule." Akasema mara ya tatu, na ya tatu ilitoka kwa sauti ambayo sikuipenda. Wakamjazia sahani, wakamwongezea na mkate wa moto wa kwake mwenyewe, wenye falafel mbili ndani, zawadi ya biharusi. Akavuka uchochoro akaniletea mimi ule mkate. "Chukua, Mama Atiyat," akasema. "Mimi vya kukaanga sili. Vinanichoma kifua."

Mimi sikucheka siku ile. Si kwa wema wangu. Jino lilikuwa linaniuma.

Tangu hapo, na ni miaka karibu arobaini, mke wa Gaber hakuonja falafel ya Gaber. Alisaga maharage, aliosha liki, aliumba vitonge kwa kikombe kidogo cha shaba kwa haraka kuliko mwanamume yeyote, na katika mdomo wake neno lilikuwa falafel, falafel, kama mzaliwa wa Karmuz. Ukimkaribisha, alishika kifua. Gaber aliamini. Alikuwa akiwaambia watu kwa huzuni ya utani, "Mimi ni mvuvi aliyeoa mtu asiyekula samaki."

Mimi niliujua ukweli, kwa sababu nilipata kufuatana naye Shubra kwenye harusi ya mpwa wake. Asubuhi yake alinitoa kwa siri, akanipeleka kwenye kigenge cha mtaani kwao, akaagiza taamiya, ya kwao, bapa, iliyopakwa ufuta na mbegu za giligilani zilizopondwa. Alikula sita kwa mkupuo, amesimama, ufuta umemganda kidevuni. Nikamwuliza, "Na kifua?" Akajifunika mdomo akacheka. Kisha akanishika mkono, akaniapisha nisiseme. "Atajiona mbaya," akasema. "Na Haji akisikia, itakuwa mchezo mwingine." Nikaapa. Siri ya mwanamke na mwenzake hailipiwi ushuru.

Haji akafa. Gaber akaurithi upawa na mzaha. Binti yao, Nagwa, akaolewa, akaachika, akarudi nyumbani. Miaka ikaenda, na ugonjwa wa Inshirah ukaingia bila hodi. Kwanza alikuwa akimwita Nagwa kwa jina la dada yake mwenyewe. Halafu akawa anateremka ngazi, anafika mlangoni, anasahau alikuwa anakwenda wapi. Daktari akamweleza Gaber kwamba mambo ya karibu yatamtoka kichwani kwanza, ya zamani yatafuata, na kwamba hakuna dawa ya kuyarudisha. Gaber akanisimulia akiwa anakaanga, hakuacha kukaanga, na kwa machozi yake akaulaumu moshi.

Sasa nifike kwenye ile asubuhi ninayoichukia.

Ilikuwa Ijumaa ya kiangazi, foleni imefika mpaka kwenye mapipa yangu ya limau. Kwetu mtu wa ghorofani hashuki kwa kitu kidogo. Huteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani. Basi kikapu cha Nagwa kikashuka, kikaning'inia usawa wa karai, na Nagwa akapiga kelele kutoka juu:

"Baba! Mama ameamka na njaa. Anasema anataka taamiya!"

Ulimi hauna mfupa, na ulimi wa Gaber ulikuwa umefundishwa na baba yake. Hakufikiri. Nilimwona, hakufikiri hata kidogo. Alinyanyua uso juu, akapaza sauti ili foleni isikie, "Mwambie hapa hakuna taamiya! Ajaribu Kairo!"

Foleni ikacheka. Gaber naye akacheka. Kikapu kikaning'inia kidogo, kitupu, kisha kikaanza kupanda.

Kilipoingia dirishani ndipo nilipouona uso wa Gaber ukibadilika. "Amesema nini?" akamwuliza mteja wa mbele, kama kwamba mteja ndiye anayejua. "Nagwa! Amesema anataka nini?" Lakini dirisha lilikuwa limeshafungwa kwa ajili ya jua.

Nikavuka uchochoro. Sikujali foleni. Nilikuwa na hasira ya miaka mingi na sikuwa na jino la kunizuia.

"Wewe Gaber, baba yako amekufa, Mungu amrehemu. Mchezo wake ulitakiwa uzikwe naye."

"Sikukusudia, Mama Atiyat. Limenitoka tu. Na yeye mbona aombe? Si hali vya kukaanga, kifua chake..."

"Kifua gani?" Na hapo kiapo changu nikakitupa, Mungu anisamehe. Nilimweleza kigenge cha Shubra, zile sita, ufuta wa kidevuni. Nikamwambia, "Mkeo alikuwa na njaa ya kitu kilichokuwa mkononi mwako, akakaa nayo umri mzima, kwa sababu ulimwita dada mbele za watu."

Falafel zilizokuwa karaini ziliungua, zikawa nyeusi, na Gaber anazitazama tu. Halafu akasema kwa sauti ya mtoto, "Nilitaka baba acheke. Alikuwa hacheki na mimi, Mama Atiyat. Alikuwa anacheka na wateja." Nilimwonea huruma, na nilitamani kumpiga na upawa wake.

Alizima moto, jambo ambalo hata siku ya maziko ya Haji hakulifanya. Akawaambia watu waende kwingine. Akaja kwangu kuomba ufuta, akapondaponda mbegu za giligilani kwa chupa, akabapisha vitonge kwa kiganja vikawa vya Kairo, akavikaanga katika kisufuria cha pembeni, akapanda navyo mwenyewe. Alirudi baada ya muda na sahani imejaa vile vile.

"Amesema nini?" nikamwuliza.

"Amesema vya kukaanga hali. Vinamchoma kifua."

Neno lilikuwa limepita. Lilitokea asubuhi ile moja kutoka huko chini lilikozikwa, likagonga mlango wa mwenyewe, likaambiwa halipo. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alihamia kwa Gaber na mizigo yake. Kila siku, kabla ya kufungua, alikaanga sahani ya ufuta akaipandisha, na kila siku akairudisha. Nikamwambia, huenda anataka aiombe mwenyewe, hataki kuletewa. Akalishika hilo. Hamu yake yote ikawa moja: Inshirah aombe tena, hata mara moja, naye amjibu ipo.

Akamwita mchoraji, akaongeza neno kwenye kibao kilichokaa juu ya mlango tangu enzi za Haji. Sasa kinasomeka Falafel na Taamiya. Karmuz nzima ilikuja kukitazama.

"Umetuuza, Gaber," Wissa akamwambia. "Kairo wana piramidi, wana serikali, sasa umewapa na kibao chako."

"Nipe sindano zako nikushone mdomo," Gaber akasema, lakini hakucheka, na Wissa, ambaye si mjinga, akauliza Bi Inshirah anaendeleaje. Kisha akasema, kwa upole, kwamba hata kwa Kikopti neno zuri la kitu ni lile ambalo mwenye njaa analitumia kuomba. Nadhani alilitunga palepale.

Watu wa Kairo nao wakaja kiangazi kile, wakasema taamiya kwa makusudi, wakisubiri mchezo. Gaber aliwapa taamiya, wakaondoka wamevunjika moyo. Mmoja alilalamika kwangu kwamba amemleta mchumba wake toka mbali aje kuchekwa, na hawakuchekwa. Nikamwuzia matango, nikamwambia aoe kwanza.

Mwisho wa kiangazi, asubuhi yenye upepo, nilimwona Inshirah mlangoni. Nagwa alikuwa nyuma yake, amemshika kiwiko, ananipungia nisiseme kitu. Inshirah alikuwa amefungua kabati la nguo za zamani. Alivaa lile gauni la zambarau, likimpwaya mabegani, na mkononi alishika sahani. Akaenda akasimama mwisho wa foleni. Watu walitaka kumpisha, akakataa kwa adabu. Alisogea hatua kwa hatua, akitengeneza kitambaa chake cha kichwa.

Gaber alimwona akiwa bado nyuma ya watu. Alikaanga haraka, akapanga sahani ya ufuta, ile bapa, ya moto. Zamu ya Inshirah ilipofika, aliacha kila kitu akajifuta mikono kwenye aproni. Hakumngojea aombe. Hapo alikosea, lakini nani angeweza kungoja.

"Karibu, Inshirah," akasema. "Karibu, mpenzi wangu. Taamiya ipo."

Inshirah akashtuka. Aligeuka akatazama foleni nyuma yake, akatazama ndani ya duka, pale Haji alipokuwa akikaa. Kisha akaegemea kaunta, akamwashiria Gaber asogee karibu. Akanong'ona, lakini nimeshasema uchochoro wetu ni mwembamba.

"Kaka yangu, wewe ni wa Kairo?"

Gaber akatikisa kichwa, na kutikisa kwenyewe hakukuonyesha ni ndiyo au siyo.

"Usilitaje neno hilo hapa," Inshirah akamwambia. "Watakucheka. Mimi walinicheka, na nilikuwa biharusi."

"Nani, Inshirah? Nani alikucheka?"

"Wote." Akafikiri. "Na yule kijana wa kwenye karai. Ni mume wangu, si mtu mbaya. Lakini hakunisaidia." Akampapasa mkono juu ya kaunta, mkono wenye makovu ya mafuta, kama anavyopapaswa mgeni aliyepotea njia. "Sema falafel, kaka. Sema mara tatu, kwa sauti, wasikie mpaka kule kwa fundi. Ukisema hivyo watakupa, na hawatakusumbua tena."

Nagwa alikuwa analia waziwazi. Wissa alikuwa amesimama mlangoni kwake, miwani juu ya paji la uso.

"Haya," Inshirah akamhimiza. "Mimi nipo."

"Falafel," Gaber akasema.

"Tena."

"Falafel."

"Hawajakusikia kule."

Akasema ya tatu. Nilikuwa nimeisikia sauti ile mara moja tu maishani mwangu, na haikuwa yake.

"Umeona?" akasema Inshirah, na akatabasamu akijifunika mdomo. "Sasa watakupa."

Gaber akamsogezea sahani ya ufuta kwa mikono miwili. Inshirah aliitazama, akainusa kidogo, na kwa muda nilidhani, sote tulidhani. Kisha akaichukua, akageuka, akavuka uchochoro akaniwekea mimi mbele yangu, kati ya mapipa ya limau.

"Chukua, Mama Atiyat," akasema. "Mimi vya kukaanga sili."